Yeyo Bado Anakamua

Jumamosi, jioni. Baridi ya mwezi wa saba imeikalia Arusha tangu katikati ya wiki, na Meru haijaonekana kabisa. Mgeni akija leo atadhani tunadanganya watu kwamba tuna mlima. Nimerudi sasa hivi kutoka nyumbani Olmotonyi, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto, na nisipoandika nitalia.

Labda nitalia hata nikiandika.

Nafundisha Kiingereza sekondari hapa mjini. Wiki hii na kidato cha pili tulikuwa kwenye "used to", yale maneno mawili ambayo Mwingereza huyatumia kwa jambo lililokuwa likifanyika kila mara na sasa halifanyiki tena. Kitabu chetu kina mifano ya watu waliokuwa wakivuta sigara wakaacha. Nimewachoka wavuta sigara hao. Nikawaambia wanafunzi waachane na kitabu, wakatafute jinsi watu wanavyoyatumia maneno hayo kwenye maandishi ya kweli: magazeti, mitandao, vipeperushi vya watalii, popote.

Wakaleta mzigo. Nilidhani nitapata sentensi za tabia za watu, lakini karibu zote zilikuwa za kuaga. Arusha ilikuwa mji mdogo uliotulia. Hapa palikuwa na kijito. Vipeperushi vya watalii ndivyo vilivyotia fora, maana huko sisi watu wa mlimani tumekwisha wote: tulikuwa tukifuga, tulikuwa tukivaa, tulikuwa tukipika. Msichana mmoja anayetoka Kisongo akaniuliza, kwa heshima zote, babu yake aliyetoka na mbuzi asubuhi ile ahesabiwe upande gani. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao.

Nyani haoni kundule.

Mdogo wangu Lazaro anatembeza watalii. Ana gari lake, anapokea wageni pale uwanja wa ndege wa Kisongo, na sasa anataka kuwaleta nyumbani kwetu Olmotonyi wakae, wanywe chai, wasikie jinsi Waarusha tunavyoishi na ng'ombe. Wazo zuri. Aliniomba maelezo ya Kiingereza ya kubandika ukutani, nami nikaandika kwa moyo wangu wote. Niliandika utoto wetu.

Niliandika jinsi yeyo, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kimaa, alivyokuwa akimwita ng'ombe kwa jina kabla hajamgusa. Jinsi alivyoingiza kijiti cha oloirien, ule mzeituni wa porini, chenye moto ndani ya kibuyu, akakizungusha, akakisugua kukisafisha, ili maziwa yatakayotiwa humo yanukie moshi. Kazi yangu ilikuwa kumshika ndama asimsumbue yeyo, na ndama alikuwa na nguvu kuliko mimi, kwa hiyo mara nyingi yeye ndiye aliyenishika mimi. Baba alikaa mlangoni na koti lake la kazi za msituni, akisubiri chai, akijifanya hana haraka. Chai ile ilikuwa na harufu ambayo sijawahi kuipata mjini. Maziwa ya pakiti ni meupe tu, basi.

Nilikuwa na machozi wakati naandika. Na kila sentensi nilianza na "My mother used to".

Sasa, jambo lenyewe. Mwezi uliopita yeyo aliteleza akikata majani ya ng'ombe, akaumia goti. Tukaogopa. Baba hayupo tena, sisi tuko mjini, na yeye yuko kule juu na Narok, ng'ombe wake mweusi, mjukuu wa yule ambaye baba alimkabidhi alipomwoa. Lazaro akasema bora Narok auzwe, yeyo apumzike, na banda ligeuzwe kuwa sehemu ya wageni kukaa. Tulimwuliza yeyo. Akasema, "Fanyeni mtakavyo." Tukashukuru Mungu kwamba mama yetu ni mwelewa, na mnunuzi akaambiwa aje Jumatatu.

Leo tulipanda wote wawili. Shikamoo, marahaba, chai, viazi. Yeyo alikuwa anachechemea lakini alikuwa ameshakamua. Lazaro akatoa simu, akamsomea maelezo yangu, akitafsiri sentensi moja moja kwa sauti ya kanisani. Alikuwa anajivunia dada yake, maskini. Mama yangu zamani alikuwa akifanya hivi, alikuwa akifanya vile, kibuyu, moshi, ndama.

Yeyo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, kama anayeuliza habari za jirani wa mbali.

"Huyo mama alikufa lini?"

Lazaro akacheka, akasema ni wewe huyo, yeyo.  Yeyo aliinuka akachukua vikombe vyetu, vikiwa bado na chai.

Nilibaki nikitazama mikono yangu. Mwanamke aliyekamua asubuhi ya leo, mimi binti yake nimemwandika kama marehemu, tena kwa Kiingereza kizuri. Tulikuwa tunataka kumtoa ng'ombe bandani ili wageni wakae humo humo wasimuliwe jinsi watu walivyokuwa wakiishi na ng'ombe. 

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo mtoto yeyote aliyelelewa mlimani analijua, na sisi tulilisahau kama watu tuliozaliwa hotelini. Kwetu mtu mzima haulizwi mara moja. Ukimkaribisha chakula atasema ameshiba. Ukimwuliza kama anaumwa atasema hajambo. Jibu la kwanza ni adabu tu, analitoa ili asikulemee. Unakaa, unaongea mengine, kisha unauliza tena, na hapo ndipo anakuambia. Baba hakuwahi kuuza hata mbuzi bila kumwuliza yeyo mara ya pili. Mimi na Lazaro tulichukua "fanyeni mtakavyo" tukaondoka nayo mbio hadi kwa mnunuzi.

Nikamfuata jikoni. Nikakaa kwenye kigoda, nikamsaidia kumenya viazi vya jioni, tukaongea habari za wajukuu na ukungu na mchungaji mpya anayehubiri kirefu. Kisha nikasema, "Yeyo, nakuuliza tena. Narok aende?"

Alimenya kiazi chote kabla hajajibu.

"Asubuhi ananiita," akasema. "Akiondoka, nitaamshwa na nani?"

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mwanamke mzima na watoto wangu, kwenye maganda ya viazi. Akaniambia niache, nitatia chumvi chakula cha watu.

Lazaro hakubisha, na kwa hilo nampongeza. Alitoka nje, nikamsikia akimpigia mnunuzi na kumwomba radhi. Tukakubaliana hapo hapo. Binti wa jirani atakata majani siku za kazi, Jumamosi nitakata mimi, na Lazaro ataweka zege njia ya kwenda bandani isiteleze. Wageni wakija watakaa uani, penye mwanga. Narok atabaki kwake.

Kabla hatujaondoka, yeyo alinikabidhi kibuyu na kijiti cha oloirien kinachofuka moshi. Alisema kwa kuwa naandika vizuri habari za kusafisha kibuyu, basi nisafishe. Nilikitumbukiza kijiti kwa pupa, moshi ukaniingia machoni, nikakohoa, nusura nikiangushe kibuyu cha watu. Yeyo alicheka mpaka akashika goti lake. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike baba.

Nimeketi hapa na maelezo yangu mbele yangu, nayaandika upya. Yeyo anamwita Narok kwa jina kabla hajamgusa. Yeyo anasugua kibuyu. Si mazuri kama yale ya kwanza. Yale yalikuwa na huzuni ile inayowapendeza wasomaji, na najua wageni wangeyapiga picha.

Ninachoogopa ni hiki, niseme tu. Iko siku nitaiandika ile sentensi ya zamani na itakuwa kweli, na hakutakuwa na mtu jikoni wa kumwuliza mara ya pili. Najua siku hiyo itakuja. Mikono yangu bado inanukia moshi, nami najua hilo.

Lakini Jumamosi ijayo ni zamu yangu ya majani. Yeyo amesema niende mapema, na niende na mabuti yangu mwenyewe, maana ya kwake atakuwa ameyavaa.