Ua la Mkadi wa Baba Yako

Mtaa wa Shela,
Malindi.
4 Ramadhani 1327

Mpendwa mwanangu Somoe,

Marahaba. Shikamoo yako imefika ndani ya barua, nami ami yako naipokea kwa mikono miwili. U hali gani huko Machakos? Kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha, au baridi ya huko bado yakusumbua? Mumeo Bwana Shali hajambo? Na binti yako Mwanashee, bibi harusi wetu? Sisi hapa tu wazima. Mama yako mdogo, mke wangu Mwana Esha, goti lamuuma, lakini halimzuii kunigombeza. Ramadhani tumeianza salama.

Sasa kaa kitako. Ua la mkadi limepatikana!

Uliniandikia kwamba Mwanashee anaolewa Mfunguo Mosi, Ramadhani ikiisha, na kwamba huko bara hakuna hata jani la mkadi la kutia katika kikuba chake, kile kishada cha kunukia cha kuvaa kifuani. Ukasema bibi harusi asiyenukia mkadi ni kama pilau isiyotiwa viungo. Maneno hayo yaliniingia. Mimi nilikuwa na mkadi wangu nyuma ya kisima, niliopewa na rafiki wa Mambrui, nikautunza kama mtoto. Mwezi wa Rajabu ukatoa tunda. Tunda, Somoe! Kubwa, kama nanasi lililokasirika. Mwana Esha alicheka hata akashika ukuta.

Nikueleze, maana najua utauliza. Mkadi ni kama mtende na mpapai, una dume na jike. Jike huzaa, dume hunukia. Ukipanda mche ulioota kwa mbegu, hutajua umepata yupi mpaka miaka ipite. Mwenye kutaka harufu na akate chipukizi la mti ambao ua lake ameshalinusa mwenyewe.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba yako. Mkadi wake wa uwanjani ulikufa ukuta ulipouangukia, baada ya yeye kututoka, Mungu amrehemu. Lakini zamani alikuwa amekata chipukizi lake, akabadilishana na Labhuben, mke wa Lakhamshi, yule Banyani mwenye duka la nguo. Labhuben naye akampa tawi la waridi, lile ulilokuwa ukilichuma utotoni na kuchomwa vidole. Basi chipukizi lile leo ni mti mkubwa nyuma ya duka, na mwishoni mwa Shaabani Lakhamshi akaniambia unatoa ua. Moja tu.

Nilikwenda kwa haraka isiyofaa mtu wa umri wangu. Labhuben akaniwahi: "Msellembhai, ua hili nina kazi nalo." Bhai kwa lugha yao ni kaka, nami sipingi. Wanawake wa kwao wana siku moja kwa mwaka ambayo hufunga, hawali wala hawanywi, na kutwa wanalinusa ua la mkadi na kuwaombea waume zao. Kisha ua hutolewa katika ibada yao, na kilichokwisha kutolewa hakirudi. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa hii iliyopita. Niliona kikuba cha Mwanashee kinaniponyoka.

Lakini sisi wapenda miche tuna ada yetu: haombi mtu mikono mitupu. Nikamwuliza anataka nini. "Mkilua," akasema. "Tangu nije nchi hii nauomba, na kila mtu aniambia kesho." Mkilua, kama ujuavyo, ni mti wa msituni, ua lake ni dogo, harufu yake yajaza nyumba, na mche wake ni shida kuupata mjini.

Nikapanda punda hadi Jilore kwa rafiki yangu Mwambire. Yeye ni mkulima wa mahindi na mtama, lakini kando ya nyumba yake ana bustani ya maua matupu, na miche ya mkilua ameiotesha katika vifuu vya nazi. Nilimchukulia mche wa mlangilangi, mti wa maua ya manukato, wenye mizizi mizuri. Akaugeuza na kuukagua kama mtu anunuaye mbuzi. "Majirani wanicheka," akaniambia. "Waniuliza, 'Mwambire, maua hayo yapikwa na nini?' Nami nawaambia, nyinyi shibeni, mimi nitanukia."

Nilipompelekea Labhuben mkilua wake, alifurahi hata akausemesha. Kuhusu ua, alisema tu nije Ijumaa, jua likikaribia kuzama.

Ijumaa nikaketi na Lakhamshi barazani pa duka. Ua lilikuwa limefunguka, na harufu yapita pazia yatufuata nje. Somoe, wajua kunusa manukato kwa makusudi hakuvunji saumu, ila kwachukiza. Basi nikageuzia uso barabarani.

"Msellembhai!" Labhuben akaita kutoka ndani. "Njoo unuse kidogo!"

"Nimefunga, Labhuben."

"Hata mimi nimefunga!"

"Yako yasema nusa, yangu yasema acha."

Akacheka sana. "Basi leo pua yangu yafanya kazi ya pua mbili!"

Jua lilipozama akatoka na ua mkononi. Ua la mkadi si kama waridi. Ni shada refu la majani meupe yaliyokumbatiana. Akachomoa jani moja la nje. "Hili lanitosha kwa ibada yangu," akasema. "Haya mengine mpelekee mjukuu wa mwenye mti." Akaniongezea machipukizi mawili, sikumwomba.

Ikaadhiniwa. Lakhamshi akanisogezea tende na maji. Nikafungua saumu, nikalinyanyua ua, nikanusa. Mwanangu, nilikuwa ukumbini kwa baba yako, na yeye ananiambia niondoe viatu vyangu vilivyojaa udongo.

Ua nimelianika kivulini tangu juzi, nimelifunga kwa kitambaa cheupe cha bafta. Litie katika sanduku la nguo za Mwanashee mpaka siku ya kufunga kikuba chake. Litanukia hata baada ya harusi. Chipukizi moja ni lako. Lipande katika debe, karibu na joto la jiko, udongo usikauke. La pili nimelipanda palipoanguka ukuta. Lakhamshi aenda Mombasa kesho, na mzigo utapanda gari la moshi. Likishika lako, siku moja watakuja watu kukuomba machipukizi. Wape, ila wasije mikono mitupu.

Nisalimie Bwana Shali na Mwanashee. Mwana Esha anakusalimu, na Labhuben na Lakhamshi pia. Mungu aipokee saumu yenu na aitie baraka ndoa ya mtoto wetu.

Mzigo ukifika kabla ya Idi, uufungue wewe mwenyewe, peke yako, baada ya magharibi.

Ni mimi ami yako, nikupendaye kama alivyokupenda baba yako,

Msellem