Mama, Sikuwa Likizo

Mama,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ulikuwaga unanijua kwa sauti hata kabla sijaingia uani, na barua haina sauti. Leo nimelima mihogo mpaka mgongo ukakataa, nikaenda kigangoni kufundisha watoto wa komunyo, nikarudi nikachota maji. Sasa nimekaa mlangoni pa jiko lako, jua bado lipo, na karatasi hizi nimezichana katikati ya daftari la mafundisho.

Ni mwaka wa saba tangu tukuzike. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa juu yako. Leo naona naweza kuisema yote, kisha tuachane nayo.

Unakumbuka nilivyoondoka? Ilikuwa miaka ile baada ya vita, madukani hakuna kitu, nguo tunafulia majani ya mpapai. Masista walituletea orodha: sanduku, mashuka mawili meupe, taulo, sabuni. Ulimuuza ndama wa ng'ombe tuliyeachiwa na Baba, ukaenda mwenyewe Bunda kumtafuta mtu aliyepitisha vitu kwa magendo kutoka Kenya. Ulirudi umeyafunga mashuka tumboni, chini ya kitenge, unatembea kama mjamzito kwa kuwaogopa mgambo. Tulicheka mpaka mdogo wangu Magesa akaja kuuliza kuna nini. Jumapili iliyofuata ulisimama kigangoni mbele ya watu wote ukasema, "Nimemtoa binti yangu kwa Mungu." Tangu siku ile wakaanza kukuita Mama Sista, na wewe uliitikia.

Nilikaa kwa masista miaka mitatu. Nilifagia, nilikamua ng'ombe, niliimba, nilijifunza kukaa kimya. Nilidhani naendelea vizuri. Halafu asubuhi moja Mama Mkuu akaniita ofisini. Alikuwa mwema, sitamsingizia. Alisema, "Anastazia, tumekuombea na tumekuangalia. Tunaona wito wako hauko hapa. Rudi nyumbani kwa amani." Nikamwuliza nimekosa nini. Akasema sijakosa kitu. Hilo ndilo lililonitesa, Mama. Kama ningekuwa nimekosa, ningetubu. Kwa miaka mingi nilikuwa nalala nikihesabu: labda ni ile chimni ya taa niliyoivunja, labda ni kicheko kilichonitoka kwenye sala, labda ni kikohozi. Sijapata jibu mpaka leo.

Siku niliyorudi ulikuwa unaanika mtama. Uliliona sanduku kabla ya kuniona mimi. Uso wako ulibadilika, na kabla hujanishika mkono, jirani yetu Mama Nyangeta alikuwa ameshafika kwenye uzio, anauliza, "Sista amekuja?"

Ukajibu haraka, "Yuko likizo."

Likizo ile ilikwenda miaka sita. Ilipita Krismasi, ikapita Pasaka, tukavuna, tukapanda tena. Ulinikataza kuvaa kitenge chenye maua nikienda kusali. Ulitaka nivae sketi yangu ya kijivu ili waone. Na watu walijua, Mama. Walijua tangu wiki ya pili. Kisimani Mama Nyangeta aliniuliza, "Hivi likizo za masista siku hizi zinahesabiwa kwa mavuno?" Wanawake wakacheka, na mimi nikajitwisha ndoo yangu nikaondoka. Sikukuambia. Nilikuona unavyojitahidi.

Ndiyo maana nilikimbilia Musoma. Nilipata kazi kwenye kiwanda cha nguo, upande wa kukunja vitambaa, nikapanga chumba Makoko. Hata hapo ukawaambia watu kwamba masista wamenipa ruhusa ya kufanya kazi za nje.

Kule kiwandani nilimpata Bwire, fundi wa mashine za kufuma, mtu wa Murangi. Ulimwona mara moja tu. Alikuja na kapu la sato, ukawageuza mmoja mmoja ukiangalia mashavu, ukamwambia, "Wewe unajua samaki." Halafu ukanifuata jikoni ukaninong'oneza, "Basi Mungu amepata njia nyingine." Ulifurahi kiasi kwamba uliniruhusu kuvaa kitenge chenye maua.

Kisha ukaanza kuumwa tumbo. Magesa akaniletea habari, nikaomba ruhusa kazini, nikakaa na wewe wiki sita. Nilikuosha, nilikugeuza, nilikupa uji kijiko kwa kijiko. Hatukuzungumza lolote juu ya likizo. Jumapili ya mwisho wanawake wa jumuiya walikuja kusali, wakajaa chumbani. Ukanishika mkono, ukawaambia, "Huyu mwanangu hakuwa likizo. Walimrudisha. Mimi niliwadanganya. Aibu ilikuwa yangu."

Mama Nyangeta akasema, "Tunajua, Mama Magesa. Pumzika."

Ukafunga macho. Jumanne ukaondoka.

Kila mtu alisema umekufa vizuri. Mimi nilikaa kwenye msiba nikiwa na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka. Uliwaambia wao. Ulikuwa umenishika mkono, lakini maneno uliwaambia wao. Mimi hukuniambia hata moja.

Sasa nikuambie yaliyotokea baada yako.

Ungeona madukani siku hizi ungeshangaa. Sukari ipo, sabuni zipo za kila rangi, hakuna foleni, hakuna mgambo. Anayeweza kununua ndiye wa kutafuta. Mitumba imeingia kwa marobota, sokoni Musoma watu wanachagua mashati yaliyovaliwa na Wazungu, na vitambaa vyetu vikawa vinarundikana stoo mpaka vinagusa paa. Mashine zikaanza kusimama, moja leo, nyingine mwezi ujao. Mwishoni tukaambiwa twende nyumbani tusubiri kuitwa. Nilisubiri Makoko miezi saba. Kila Jumatatu nilikwenda getini, mpaka mlinzi akawa ananipungia mkono nikiwa bado mbali, kunionyesha kwamba hakuna kitu, nisijichoshe kufika.

Bwire alikwenda Mwanza kwenye viwanda vya minofu ya sangara. Alisema atanitumia neno. Neno likaja, lakini lililetwa na dada yake, tulipokutana sokoni. Alianza kusema, "Wifi," akajikatiza, akaanza upya: "Dada Anastazia, Bwire ameoa." Kuoa ningevumilia. Kule kujikatiza ndiko kuliniumiza.

Nikafunga vitu vyangu nikarudi hapa, kwenye nyumba yako. Safari hii hakuna aliyeuliza kama niko likizo.

Miezi miwili sikwenda kusali. Sikuwa nimemkana Mungu, Mama. Sikuwa na la kumwambia. Jumapili nilikuwa nakaa uani natwanga mtama ili kinu kipige kelele, nisisikie wanavyoimba. Nilijiona kama mtu aliyebisha hodi milango mitatu na yote ikafunguliwa kidogo tu, wamwangalie, wafunge. Masista, kiwanda, Bwire.

Siku moja akaja Mzee Makuru. Unamjua, yule aliyepofuka macho, anayegombana na kila mtu juu ya mipaka ya shamba. Alikuja peke yake, anaufuata uzio wetu kwa fimbo. Hata hakunisalimia vizuri. Akasema, "Binti wa Mama Magesa, wewe si ulisomea kwa masista? Katekista wetu amekwenda kuchimba dhahabu. Jumapili tatu hatujasikia Injili. Nisomee."

Nikamwambia, "Mzee, sina moyo wa kusoma."

Akasema, "Sijaomba moyo. Nimeomba macho."

Nikaingia ndani kutafuta kitabu chako, nikamsomea haraka ili aondoke. Ilikuwa habari ya wale wavuvi ambao Bwana aliwakuta ufukweni, wamefanya kazi usiku kucha bila kupata samaki. Nilipofika hapo Mzee Makuru akapiga fimbo chini. "Soma tena hapo walipochoka." Nikasoma. "Tena." Nikasoma mara ya tatu.

Akauliza, "Bwana alipowafikia, walikuwa wameshapata samaki?"

Nikasema, "Bado. Walikuwa wanaosha nyavu."

"Basi aliwajia kabla," akasema. Akainuka, akaufuata uzio kurudi kwake. Hakusema kwa heri wala nini.

Nilikaa pale pale mpaka kuku wakaanza kuingia ndani. Mama, maisha yangu yote nilikuwa namngoja Mungu upande wa pili wa kitu fulani. Nikishapewa shela la usista, atakuwepo. Nikishapata mshahara, atakuwepo. Nikishaolewa, nikizaa, ndipo nitajua kwamba ananipenda. Kila kitu kilipovunjika nilidhani na yeye amevunjika humo. Siku ile, nikiwa na harufu ya mtama mikononi na bila chochote cha kumwonyesha, nikamwambia, "Niko hapa." Sala yenyewe ilikuwa hiyo tu. Sikuona mwanga. Niliona nimetulia, kama mtu aliyetua ndoo.

Mzee Makuru akarudi Jumamosi iliyofuata, akanilaumu kwamba nasoma kama mtu anayekimbizwa. Akaja na wenzake wawili. Kisha wanawake wakaniomba nisome kigangoni siku ya Jumapili, kwa kuwa padre anatufikia mara moja moja, pikipiki ikiwa nzima. Kisha wakaniletea watoto. Mama Nyangeta ndiye aliyetangulia kuleta mjukuu wake. Alisimama mlangoni akakohoa, akasema, "Siku zile za kisimani, nilikosa." Nikamkaribisha akae. Tulikula mihogo.

Padre alipokuja, baada ya misa akauliza mbele ya watu ni nani anayefundisha. Nikasimama. Akauliza, "Umesomea wapi?" Nikasema, "Nilikuwa kwa masista miaka mitatu, Padre. Walinirudisha."

Padre akaandika kwenye daftari lake, akauliza, "Watoto wangapi?" Nikasema ishirini na mmoja. Akasema, "Vizuri, endelea nao." Ikaisha hapo. Miaka yote ile, Mama, mimi na wewe tulibeba neno lile kama mzigo wa magendo, na lilipotoka halikuchukua hata muda wa kunywa maji kikombe kimoja.

Usifikiri mambo yamenyooka. Paa la jikoni linavuja upande ule ule. Sina mume, na mtoto nadhani sitapata tena. Kiwandani hawajaniita. Kuna siku nikiwaona wanawake wa rika langu na mabinti zao wakipita kwenda sokoni, naingia ndani nakaa kidogo. Sikufundishwa na mtu kwamba ukishamwamini Mungu hutaumia, na kama yupo anayefundisha hivyo, hajakaa Makoko akisubiri.

Wiki iliyopita Magesa alikuja. Duka lake la Bunda linakwenda vizuri, amefungua na la pili karibu na stendi. Alikaa kwenye kiti cha Baba, akaangalia paa, akaniangalia mimi. Akasema, "Dada, njoo Bunda. Nataka mtu ninayemwamini dukani. Utakuwa na chumba chako, umeme, utakula vizuri. Huku unazeeka bure."

Nilimwomba wiki moja nifikiri. Sikulidharau neno lake, Mama. Nilifikiri juu ya umeme. Nilifikiri juu ya kukaa kwenye kiti na kuuza sukari, bila jembe. Nikapiga hesabu ya sanduku, nini nichukue, nini niache. Jumapili nikaenda kigangoni nikidhani naenda kuwaaga. Nikafungua kitabu, nikaanza kusoma, na pale mbele Mzee Makuru ameinamisha kichwa, ametega sikio. Nikajua ninachotaka. Tangu nizaliwe sikumbuki kujua kwa uhakika namna ile.

Leo asubuhi Magesa amekuja kuchukua jibu. Nimemwambia siendi. Akauliza, "Huku una nini?" Sikuweza kumweleza vizuri. Nimesema, "Nimeshiba, Magesa." Ameangalia sufuria, akatikisa kichwa, lakini ameniachia sukari na sabuni, na amesema mwezi ujao ataleta mabati. Ni mtoto mzuri. Ulimlea vizuri.

Na mimi ulinilea vizuri. Nilitaka kusema hilo. Nilidhani ulinionea aibu. Sasa nina umri unaokaribia ule uliokuwa nao ulipoyafunga yale mashuka tumboni, na naona ulikuwa mwanamke mjane aliyetoa kitu pekee alichokuwa nacho, kisha kikarudishwa, ukawa hujui ukiweke wapi. Ulikuwa unaogopa kwamba Mungu amekikataa. Hakukikataa, Mama. Hilo neno hukuniambia, basi mimi nakuambia. Nimekusamehe, na wewe nisamehe ile miaka niliyokaa kimya Makoko bila kuja kukuona.

Nakuaga sasa, maana jua linazama na kuni ziko nje. Nakuahidi nitawasomea hawa watu mpaka apatikane mwenye sauti nzuri zaidi, na kila atakayeniuliza habari zangu nitamweleza zilivyo. Mungu akulaze karibu naye.

Nimechoka, Mama, mgongo na miguu. Lakini sitaki kuwa mahali pengine.

Binti yako,
Anastazia