Mswisi Wako Amestaafu, Mtani

Mtani wangu Baba Zaituni,

Shikamoo sikupi. Ulipokuwa hai nilikupa mara chache, tena kwa kununa, sasa umelala tu huna kazi ndiyo nikupigie magoti? Ninyi Wamakonde mkipewa heshima kidogo mnavimba. Pokea salamu za kawaida kutoka kwa Mama Stella, Mmakua wako wa Lisekese, yule wa mihogo ya kukaanga mlangoni pa banda la mpira la Chande. Tuliobaki hapa Newala ni wazima. Mama Zaituni anakula sasa, si sana, ila anakula. Mbuzi wako yule mwizi bado ni mwizi.

Nakuandikia kwa sababu ulinituma. Pale hospitali sauti ilikuwa imebaki kidogo, nikadhani unataka kuniusia mke au mikorosho. Ukanishika mkono ukasema, "Ntani, mimi msimu huu siumalizi. Mswisi wangu anastaafu. Itazame mechi yake ya mwisho, uniletee habari. Na usinidanganye." Nikakujibu kwamba nitakuletea habari amefukuzwa uwanjani kwa uvivu. Ukacheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, na mimi ahadi ya mtu wa kitandani naiogopa.

Kwa nini mkulima wa korosho, katika mji ambao kila mtu anapenda wafungaji, alichagua kiungo wa Uswisi, mpaka leo sijaelewa. Ninachojua ni kwamba ilianza na jezi ya mtumba. Uliichomoa kwenye rundo pale sokoni, nyekundu, msalaba mweupe kifuani, na jina mgongoni ambalo hakuna aliyeweza kulitamka. Wiki hiyohiyo wazee wa kanisa letu wakaanza kukusalimia kikanisa na kukuachia nafasi kwenye benchi la mbele. Sheikh naye akakuita barazani kuuliza kulikoni. Ukamwambia, "Sheikh, hii bendera ya nchi ya watu. Swala zangu ziko palepale." Sheikh alikuelewa. Wazee wetu walichukua muda zaidi, maana walishakupangia sauti ya besi kwenye kwaya.

Mwalimu mmoja akalitafuta lile jina kwenye simu, na kuanzia hapo tukakoma. Kijana alipochezea timu ya kwao, huko kwenye mji wenye ziwa, tulisimuliwa. Aliponunuliwa Ujerumani, ulizunguka mtaa mzima ukitangaza kana kwamba umemwoza binti. Goti lilipomsaliti kule Italia, na wewe ukaanza kuchechemea. Uingereza alikaa benchi msimu mzima ndani ya koti refu, na kila kamera ilipompitia ulinyoosha kidole: "Yule pale, mwoneni." Tukamwona. Alikuwa anatafuna kitu.

Mwisho akarudi timu yake ya kwao kumalizia mpira, na maisha yake yote hakuwahi kufunga goli, ukiacha lile la kujifunga ambalo hukupenda litajwe. Pasi za pembeni, pasi za nyuma, basi. Nilikuwa nakwambia, mtani, huyu si mchezaji, ni mtu anayeogopa mpira usimchafue. Nawe unasema, "Siku moja atafunga. Nataka nilione tu hilo moja." Hilo ndilo nililokuwa nalibeba moyoni. Sikuwa natafuta habari tu. Nilitaka nikuletee goli.

Lakini kwanza nikupe habari za msiba wako, maana ulikuwepo ila hukuona. Nilifanya kazi yangu ya utani barabara. Nilivaa ile jezi yako, nikafunga kikoi chako, nikapita uani ninachechemea na kupiga pasi za nyuma kwa malimao. Wanaume walipokuja kubeba jeneza, nikakaa chini katikati ya njia. Nikawaambia hapiti mtu mpaka ukoo wenu mzima ukiri kuwa Mswisi ni mzigo. Kaka yako akakataa katakata, akasema hata kwenye msiba kuna mipaka. Ikabidi wakukomboe kwa jogoo. Mama Zaituni, aliyekuwa hajafumbua mdomo tangu alfajiri, alicheka akiwa analia, na mimi nikainuka haraka kabla machozi yangu hayajanitoka. Jogoo alikuwa mgumu. Hata mifugo yako ina kiburi.

Sasa mechi. Ilikuja jioni ya arobaini yako, watu wametoka kusoma hitima, matumbo yamejaa pilau. Zaituni akaja kutoka Tandahimba na simu yake na waya wa kuunganisha kwenye runinga, kwa sababu king'amuzi cha Chande hakijui kama Uswisi wanacheza mpira. Tatizo ni kwamba saa ileile kulikuwa na mechi ya watani wa jadi wa Dar. Banda lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Nilipomwambia Chande tunataka kutazama mechi ya marehemu, alinitazama kama nimemwomba auze mama yake.

"Mama Stella, hawa watu watanichomea banda."

Nikachukua rimoti nikaikalia. Nikasema mimi ni mtani wa marehemu, leo ni arobaini yake, na katika msiba mtani hanyimwi. Anayebisha aje ainyanyue mwenyewe. Unajua mwili wangu. Kisha mzee mmoja akasema kwa huzuni, "Hanyimwi kweli," na mambo yakaishia hapo. Vijana wakafuatilia mechi ya Dar kwa redio pembeni, na Newala nzima, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, ikatazama ligi ya Uswisi.

Mtani, ilikuwa mbaya. Mtu wako ameota kipara. Alikimbia kama anayebeba mayai, akapiga pasi pembeni, akapiga nyuma, na banda likawa linaguna kila alipoguswa na mpira. Nilijuta kuikalia ile rimoti. Halafu, mechi ikielekea mwisho, mwenzao akaangushwa kwenye boksi. Penalti. Wachezaji wote wakampelekea mpira yeye, wakamsukuma, uwanja mzima umesimama unaimba jina lake, kumbe linatamkika. Hata waliokuwa redioni wakarudi. Nikasali, mimi Mwanglikana, na jirani yangu akawa anasoma dua, sote kwa ajili ya mguu mmoja wa Mswisi.

Akarudi nyuma. Akaja. Akainua mguu, na mtandao ukaganda.

Alibaki hewani vile, mguu juu, na Zaituni anaitikisa simu huku machozi yanamtoka. Chande akaapa kwamba bando halikuwa lake. Picha iliporudi mpira ulikuwa wavuni, na mimi nilisharuka nimetoa sauti ambayo sitaielezea. Kisha wakarudia polepole tukaona. Hakupiga golini. Penalti ya kuagwa, mtani, zawadi ya maisha yake, na yeye akausukuma mbele kidogo, pembeni, na kijana mmoja wa timu yao akaja mbio akafunga. Refa akakubali. Hata penalti alipiga pasi.

Banda lilitukana kwa lugha zote za mkoa huu. Runinga ikamfuata yule kijana aliyefunga, watu wamemlalia. Mimi nilikuwa natafuta pembeni mwa kioo, nikamwona wako anatembea peke yake kurudi katikati ya uwanja, mikono kiunoni, anangoja mpira uanze. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Nilimtazama mimi, nikalia kama ambavyo sikulia siku ya kukuzika.

Nilitaka kukudanganya, nikwambie amefunga. Nikapita kwanza kwa Mama Zaituni, kwani yuko eda na hakuweza kuja bandani, nikamweleza yote. Akasema, "Angefunga, angekuwa wa watu wote, mume wangu angempoteza kabisa," akaendelea kuchambua mchele. Basi sikudanganyi. Hakufunga.

Naaga sasa, mafuta yanaungua. Zaituni anasoma yasini yako kila Ijumaa, na mimi nakutaja kanisani, kwa hiyo huko uliko usijifanye huna watu. Ahadi yangu ni hii: yeyote katika Newala hii atakayesema Mswisi alikuwa mzigo, nitagombana naye mpaka aombe radhi, na mihogo simuuzii. Lakini wewe nitakwambia alikuwa mzigo kila nikipita kaburini kwako, kwa sababu wewe ni mtani wangu, na sitaki ulale ukidhani umeshinda.

Wako,
Mama Stella