Kipande cha Boksi Nilichokunyang'anya Kaburini

Mwanangu Eliza,

Nilikupoteza Jumamosi ile tuliyomzika bibi yako kule Hasamba, mwaka jana, kati ya mstari wa nne na wa tano wa wasifu wa marehemu. Watu wanasema uliondoka Jumatatu, ulipovuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Mimi nahesabu tangu Jumamosi.

Bibi mwenyewe ndiye aliyeacha neno kwamba wasifu wake usome wewe. Wajomba zako waliguna. Ulikuwa unasoma maneno kumi na tisa kwa dakika; nilikupima kwa saa ya simu, dada yako akifika themanini. Nikakuita mzembe. Lakini kwenye kichanja cha kahawa nani alikushinda? Punje moja mbovu katikati ya elfu, mkono wako ulishafika. Jicho kali vile, kusoma polepole vile: hesabu hiyo ilinishinda, na badala ya kuuliza nikakuchapa.

Ulinieleza mara moja tu, tukichambua kahawa.

"Mama, si unawajua wale wanaobadilisha kwacha pale boda? Kila mmoja anakuita wewe. Ndivyo maneno yanavyonifanya. Nayajua yote, ila yananiita kwa pamoja."

"Basi chagua mmoja."

Ukacheka. "Ndiyo maana nimekata hiki."

Kilikuwa kipande cha boksi la sabuni chenye tundu la upana wa neno moja. Ukikitelezesha juu ya karatasi, maneno mengine yote yananyamaza. Nilikusikia nyuma ya stoo ukijifunza nacho wasifu wa bibi: mistari thelathini na mmoja, hukukwama popote. Nilisikia, Eliza. Siwezi kusema sikujua.

Pale kaburini, ulipokitoa, shangazi yako akaninong'oneza, "Binti mzima huyo, anasoma na boksi kama wa chekechea?" Nikanyoosha mkono nikakunyang'anya. Ukasoma mistari minne kwa jasho, wa pili ukiurudia mara tatu. Mtu akacheka. Ukanipa karatasi mkononi: "Haya mama, malizia wewe." Ishirini na saba iliyobaki akaisoma dada yako, wala hakuna aliyesikiliza.

Nimejenga duka hapa Tunduma kutoka meza moja ya chumvi ya Ivuna. Kitu kikiharibika nimezoea kukitengeneza. Hiki kimenishinda. Kutoka geti la mpaka hadi sokoni kwako Nakonde ni dakika ishirini kwa miguu. Nimefika getini mara tatu, nikageuka. Na sikufichi, nakulaumu pia: mwaka mzima hata salamu, kana kwamba sikukuzaa. Ila nikizijumlisha lawama zangu zote, hazifiki nusu ya ile moja yako.

Jumamosi hii tunasimika msalaba wa bibi, na wasifu utasomwa upya, wote. Wajomba wanataka asome dada yako. Nimewaambia wangoje, wakanitazama kama mgonjwa. Kipande chako ninacho, kimepinda pale nilipokibana. Jana nilijaribu kukinyoosha kwa pasi, kikagoma.

Sitegemei uje. Nauliza tu, na jibu la kupitia kwa wachuuzi wanaovuka mpaka silitaki: utamsomea bibi yako, au hutamsomea? Nijibu wewe mwenyewe, ndiyo au hapana, kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Mama yako, niliyesikia nyuma ya stoo.