Makande ya Mama Elia

Jumanne

Mvua ndiyo hiyo imeanza, na kikundi chetu cha kilimo hakina hata punje ya kupanda.

Leo nimekwea mlima hadi kijiji cha Bombo kwa Mama Elia, mama mtu mzima anayetutunzia mbegu za maharage, zile za shamba la kulishia watoto wa shule. Kwetu mgeni hasemi shida yake kabla hajala. Akanipakulia makande, maharage yamejaa kuliko mahindi. Nikala, nikasifu, nikaongezewa.

Ndipo nikasema, "Mama, nimefuata mbegu."

Akainamisha kichwa. "Mwanangu, wajukuu walikuwa wanalala njaa. Ndizo hizo umekula."

Nimeshindwa hata kukasirika. Kesho wenzangu watakuja shambani na majembe. Nitawaambia nini, Mungu wangu? Kwamba zilikuwa tamu?