Jembe la Kwanza la Moto Mpya

Kibaoni, Mpimbwe
Jumapili baada ya misa

Mpendwa Dada Aneth,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mpanda mjini, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti limepunguza kuuma. Huku mpunga umeanza kuchanua, na Baba anakula vizuri kuliko mimi. Ningekupigia simu, lakini haya nikiyasema kwa mdomo nalia, na kilio changu kinamtia Baba hofu. Kwa hiyo keti uisome taratibu.

Nilipomwacha mume wangu Ladislas na mizinga yake ya nyuki kule Ugalla nije kumwuguza Baba, nilikwambia anasahau. Sikukwambia kwamba tangu nifike alikuwa hajaniita jina langu hata siku moja. Nikimpa uji ananishukuru kama mgeni. Nilitaka kitu kimoja tu, aseme Getrude, basi, nirudi kwangu na amani.

Unajua tangu tumzike kaka yetu Silvester aliyekuwa akifua naye, na Baba kuwauzia watu wa vyuma chakavu lile fuawe alilokuwa akifulia vyuma, mikono yake haikuwa na kazi. Nikawa namkuta mlangoni anagonga jiwe kwa mchi wangu, tena kwa mpangilio, pigo moja zito, mawili mepesi. Nikasema moyoni, huyu mzee kichwa kinamwacha lakini mikono bado ipo. Nikaamua kumjengea kiwanda kingine cha uhunzi. Najua unacheka. Sisi tuliokuwa tukifukuzwa tukikanyaga tu kizingiti cha kiwanda chake, eti wasichana tunapooza moto.

Maiko, fundi magari wa hapa senta, alinipa ringi ya lori iliyokufa. Nikaikandika ndani kwa udongo wa kichuguu, nikapitisha bomba chini, na upepo nikautoa kwenye feni iliyofungwa kwa mkanda na gurudumu la baiskeli. Maiko alinionya niuache udongo ukauke kwanza. Ubishi wangu unaujua, nikawasha ungali mbichi. Ukapasuka vipande, kimoja kikatoboa kitenge changu cha WAWATA, kile cha akina mama wa kanisani. Nikakandika upya nikiwa nimenuna.

Fuawe ndilo lililonitesa. Mwishowe nikapata kipande cha ekseli ya trekta, nikakisimamisha kwenye kisiki cha mninga. Baba alikuwa ananitazama tu. Halafu akainuka, akachukua nyundo, akakigonga na kutega sikio. Akaniambia nisimame wima, nishushe mkono na kukunja ngumi. Akasema uso wa fuawe uishie kwenye ngumi, la sivyo mgongo utaniua, akaniamuru nikate kisiki. Dada, nilifurahi, nikakimbilia msumeno. Ile sauti ya amri sikuwa nimeisikia miaka mingi.

Basi tukaanza kazi. Alinifundisha kupasha springi ya gari mpaka iwake, na nikichelewa ananigombeza kwamba chuma kimeshapoa, nakibembeleza nini. Majirani walikuja kushangaa mwanamke anafua chuma. Nikawaambia kama wana majembe butu wayalete, kama hawana waniachie hewa.

Wiki hii tumemaliza jembe dogo la palizi. Limepinda kidogo upande, lakini ni jembe. Unakumbuka desturi ya Baba, jembe la kwanza la moto mpya haliuzwi, linapelekwa kwa binti aliyeolewa mbali ajue kwao moto unawaka. Wewe ulipata lako alipohamishia kiwanda barabarani. Mimi nilikuwa bado sijaolewa.

Baba akalipangusa kwa shati lake, akaniwekea mikononi. Akasema, Silvester mwanangu, umefanya vizuri. Mpelekee Getrude kule Ugalla. Mwambie baba yake anamkumbuka, na anauliza kwa nini haji kumwona.

Hilo ndilo nililokuficha kwenye simu. Tangu siku ile ya kisiki ananiita Silvester, na mimi naitika. Nilisema ndiyo, Baba, nitampelekea. Kesho yake akauliza kama nimelifikisha. Nikajibu nimelifikisha. Akauliza Getrude alisemaje. Nikamwambia alilia. Akasema huyo tangu mdogo machozi yake yalikuwa karibu. Nikageuka nikajifanya nachochea moto.

Inaniuma, Dada, sitakudanganya. Nimekaa miguuni pake naye ananiulizia, na nikimwambia niko hapa nitamwua Silvester mara ya pili. Najiliwaza kwa kitu kimoja. Silvester alikuwa mrefu, kichwa chake kiligusa kizingiti cha juu. Fuawe lile lingemwinamisha. Kisiki chake Baba alikipimia mkono wangu mimi.

Njoo umwone kabla ya mavuno. Ukimsikia ananiita Silvester, nakuomba usimsahihishe, wala usinitazame. Jembe nimelificha chini ya kitanda changu, nalilalia.

Wabusu watoto, mwambie shemeji mchele wake nimeuweka. Nijibu kwa barua, si kwa simu, na juu ya bahasha uandike jina langu kwa herufi kubwa. Nina hamu ya kuliona.

Mdogo wako,
Getrude