Dau la Malachy

Mdogo wangu Bríd,

Huku tu wazima, ila tumechoka. Mvua haikatiki, na kondoo wanazaa kwenye matope.

Binti yetu Sorcha hakupanda farasi kwenye zile mbio. Mbio za farasi alianza juzijuzi tu, tena za ridhaa, lakini baba yake, Malachy, alikwisha kuweka dau kwamba ataanza zile mbio kubwa za Aintree, kule Uingereza. Kijiji kizima kikamfuata, kikaweka pesa zake pia. Kisha Sorcha akaanguka mazoezini, na daktari akasema shingo bado haijapona. Malachy hakutaka kusikia.

"Mwanangu, si lazima umalize," alimbembeleza mezani. "Ukianza tu, tumeshinda. Hata ukidondoka kwenye kiunzi cha kwanza."

Sorcha aliweka kijiko chini. "Kwa hiyo, baba, hakuna aliyeweka dau kwamba nitarudi nyumbani?"

Uso ulimwiva Malachy kwa aibu. Kisha akampigia simu mwenye farasi palepale: "Tafuta mpandaji mwingine."

Sasa wengi hawamsalimii, maana pesa zao zimepotea. Hurudi mapema kutoka baa, na Sorcha humsogezea kiti karibu na moto.

Wasalimie wote huko Boston.

Dada yako,
Nuala